Begi la Halloween kwa vinili ya kupasi: mwongozo kamili kwa waliobandukiwa

Oktoba ikifika katikati, simu yangu hujaa picha zilezile za wateja wangu wa vinili ya kupasi, ile plastiki nyembamba yenye gundi mgongoni inayokatwa mchoro na kubandikwa kitambaani kwa pasi. Popo aliyenyanyuka bawa moja. Boga lililojikunja kingo kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Begi lililoyeyuka likabaki na alama ya pasi, na pasi yenyewe imeganda utando mweusi. Swali nalo ni lilelile: "Dada, vinili yako feki?"

Si feki. Ndiyo hiyohiyo ninayoitumia mwenyewe hapa Ngamiani, Tanga, na mabegi niliyotengeneza mwaka juzi mpaka leo yanakwenda sokoni. Nimewakalisha wengi barazani nikawatazama wanavyofanya. Karibu wote huteleza palepale: begi si la pamba, au kitambaa kina unyevu, au pasi inapitishwa juujuu kama mtu anayenyoosha kanzu ya Ijumaa. Kukata, ambako ndiko watu wanakoogopa, mara nyingi wanakata vizuri tu. Kwa hiyo huko nitapita haraka, kwenye kupasi nitakaa.

Mfano wetu ni begi lenye mwezi wa rangi ya machungwa, popo watatu weusi wanaopita mbele yake, na neno POPO chini. Popo tunao wenyewe, Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji na wamo tele. Halafu fuvu halikai kila nyumba. Mama aliponikuta nakata fuvu aliuliza, "Nani kafa?" na hakungoja jibu. Popo hana ubishi na mtu, na mteja wa Halloween anamtambua papo hapo.

Halloween yenyewe, sherehe ya mavazi na mapambo ya kutisha ambapo watoto huomba peremende nyumba kwa nyumba, ni usiku wa 31 Oktoba. Anza kazi tarehe 27 ukichelewa sana, kwa sababu begi litafuliwa na kukauka kabla hujaligusa na vinili.

## Vifaa

- Begi la kanvasi au la merikani nzito, la pamba tupu, upana wa sentimita 38 hivi na urefu wa 40. Rangi ya asili au nyeupe.
- Vinili ya kupasi ya kawaida: kipande cheusi cha sentimita 30 kwa 30, na cha machungwa cha 25 kwa 25.
- Plota, yaani mashine ya kukatia inayofuata mchoro wa kompyuta, au kisu chembamba chenye wembe mpya kama unakata kwa mkono.
- Kibano cha nyusi na sindano nene.
- Pasi nzito. Ikiwa ni ya mvuke, mwaga maji yote.
- Karatasi ya kuokea. Wanaouza vifaa vya keki wanayo. Karatasi ya daftari haifai.
- Ubao mgumu au meza ya mbao, na shuka kuukuu la pamba.
- Rula, chaki ya fundi cherehani, na tepe ya karatasi.

Mashine ya kupigia chapa fulana ukiipata, vizuri; nitataja vipimo vyake. Ila begi hili linatoka kwa pasi ya nyumbani bila wasiwasi.

## Kwanza kabisa, hakikisha begi ni pamba

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, madukani imejaa ile mifuko mbadala myepesi, yenye vidoto vidogo kama imegongwa na msumari. Ukiishika unaweza kuapa kuwa ni kitambaa. Ni plastiki iliyofumwa bila uzi, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi, ambalo ndilo joto tunalolihitaji. Nusu ya picha za maafa ninazopokea ni za mfuko huo. Hakuna ujanja wa kuuokoa, uache ubebe nyanya.

Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi, unanukia karatasi iliyoungua, unaacha jivu laini linalopotea ukilisugua. Uzi wa plastiki unajikunja, unayeyuka, unaacha kipunje kigumu. Ukiona kipunje, rudisha begi dukani.

## Hatua ya 1: Fua begi, likauke kabisa

Begi jipya limetoka kiwandani na wanga. Gundi ya vinili inatakiwa ishike nyuzi, na ukipasi juu ya wanga unaishikisha wanga. Siku wanga unapotoka kwenye maji ya kufulia, popo naye anatoka.

Sababu ya pili: pamba mpya hunywea. Merikani ndiyo mbaya zaidi. Ukibandika kabla haijanywea, ufuaji wa kwanza utalivuta begi ndani na vinili itabaki na makunyanzi, maana yenyewe hainywei.

Tumia sabuni ya kawaida na maji ya moto kiasi. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inaacha mafuta. Anika juani mpaka mshono wa chini, ule mnene, ukauke.

Begi lililo tayari ukilishika ni laini kuliko lilivyokuwa dukani, na limepungua kidogo. Hapo sawa.

## Hatua ya 2: Mchoro

Mwezi uwe na kipenyo cha sentimita 20. Popo mkubwa upana wa sentimita 14, wadogo wawili sentimita 7 kila mmoja. Herufi za POPO urefu wa sentimita 4, nene, zisizo na mikia.

Sheria ni moja tu: pasiwe na sehemu nyembamba kuliko milimita 2. Ncha za mabawa zikate butu kidogo. Ncha kali kama mwiba wa mkonge inapendeza kwenye skrini, lakini ndiyo inayonyanyuka kwanza.

Kama hujawahi kufanya kazi hii, achana na herufi kwenye begi la kwanza. Popo ni sawa kulia na kushoto, kwa hiyo hata ukisahau kumgeuza hakuna atakayejua. Herufi hazisamehe, kama utakavyoona.

## Hatua ya 3: Geuza, kata

Vinili ina pande mbili. Upande unaong'aa ni plastiki ya kubebea, itakayotolewa mwisho. Upande uliofifia ni wa gundi. Ukikata, upande unaong'aa unalala chini na wembe unapita upande uliofifia. Kwa kuwa unakatia mgongoni, mchoro lazima ugeuzwe kama unavyoonekana kwenye kioo.

Mwaka wangu wa kwanza niliagizwa mabegi 12 ya watoto. Nikakata usiku, nikapasi usiku, umeme ukikatika na kurudi, nikalala nimefurahi. Asubuhi nikayatundika nje. Kijana wa bodaboda akasimama, akayatazama, akaniuliza, "Dada, 0909 ni mtandao gani?" Nikaangalia. POPO isiyogeuzwa inatoka hivyo hasa: O inabaki O, P inakuwa 9. Mabegi kumi na mawili yamebeba mwanzo wa nambari ya simu. Tangu siku hiyo, kabla ya kukata naisoma skrini kwa sauti. Ikisomeka vizuri, nimekosea.

Kwa plota: kata kwanza kipembetatu cha sentimita 1 pembeni ya vinili. Kichomoe kwa kibano. Kikitoka kizima na plastiki ya chini ikabaki na mchubuko hafifu tu, wembe uko sawa. Plastiki ikitoboka, punguza nguvu. Kisipotoka, ongeza kidogo.

Kwa mkono: chora kwa penseli upande uliofifia, kata kwa mkono mwepesi, na kwenye mikunjo zungusha vinili badala ya kisu.

## Hatua ya 4: Chambua

Toa kila kisichotakiwa, kama unavyochambua mchele. Anzia kona ya nje, vuta ukiinamisha, usivute kwenda juu. Matundu ya P na O yatoe kwa sindano.

Inua plastiki uelekee dirishani. Mwanga ukipita, utakiona kila kipande kilichosahaulika. Ukikiacha sasa, utakikuta kimeganda kwenye begi.

## Hatua ya 5: Andaa mahali pa kupasia

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Kitanda ni laini, zulia ni laini, na meza ya kupasia yenye sponji nayo ni laini. Ukikandamiza, nguvu yote inamezwa chini na gundi haiingii kwenye nyuzi. Tumia ubao au meza ya mbao imara, juu yake shuka kuukuu lililokunjwa mara mbili tu. Meza ya kioo usiijaribu, joto litaipasua. Urefu wa meza uwe chini ya kiuno chako, ili uweze kuegemea kwa uzito wa mwili. Mimi natumia stuli mbili na ubao juu yake.

Ndani ya begi ingiza kipande cha kadibodi ngumu, juu yake kitambaa cha pamba kilichokunjwa, kidogo kuliko begi. Kazi yake ni kuinua sehemu ya mchoro juu ya mishono. Pasi ikikaa juu ya mshono, pembeni yake hapaguswi, na hapo ndipo utakapoona bawa limenyanyuka. Mikanda ya begi itoe nje ya ubao.

## Hatua ya 6: Fukuza unyevu

Weka pasi kati ya nukta mbili na nukta tatu. Nukta mbili ni kama nyuzi 150, nukta tatu ni kama 200 na ndiyo alama ya pamba. Vinili ya kawaida inataka 150 hadi 160, lakini pasi hupoteza joto inapogusa kitambaa, ndiyo maana tunaipandisha kidogo.

Sasa kandamiza begi tupu, bila vinili, sekunde 15 kila sehemu. Inua pasi haraka utazame kwa pembeni, mwanga ukiwa mbele yako. Utaona mvuke unapanda. Begi lililoanikwa juani kutwa, likakaa ndani usiku mmoja tu, bado linatoa mvuke! Hii ni pwani, na Oktoba vuli inanyemelea. Pamba inakunywa hewa ya bahari hata ukiwa umelala. Mvuke huo ukinaswa chini ya vinili, unaisukuma gundi na kufanya viputo.

Rudia mpaka usione mvuke. Kwangu huwa mara mbili, siku za mvua mara nne. Nguo ikiwa bado ya moto, kunja begi katikati kwa wima, pitisha pasi kwenye mkunjo, fungua. Mstari huo ndio katikati yako, na chaki haihitajiki tena ila kuweka alama ya juu: sentimita 8 chini ya mdomo wa begi.

## Hatua ya 7: Pasi mwezi

Mwezi kwanza, kwa sababu popo watakaa juu yake. Laza vinili ya machungwa, plastiki inayong'aa ikiwa juu. Shikiza kwa tepe ya karatasi nje ya mchoro. Funika kwa karatasi ya kuokea.

Weka pasi. Iache palepale. Egemea kwa mikono miwili, viwiko vimenyooka, uzito wako ushuke. Hesabu taratibu mpaka 10. Inua pasi, usiiburute, uiweke sehemu ya pili ikilalia nusu ya ile ya kwanza. Kuburuta kunaisogeza vinili ikiwa laini, na mwezi unakuwa yai.

Kama pasi yako ina matundu ya mvuke, kumbuka penye tundu hapana joto. Ukimaliza mzunguko mmoja, rudi tena ukisogeza pasi kwa nusu ya kiganja.

Mwezi tunaushikisha tu, hatuuivishi, kwa sababu joto lingine linakuja. Kwa mashine ya fulana, sekunde 5 kwa nyuzi 155 zinatosha hapa.

Ngoja joto lipungue mpaka uweze kugusa kwa kidole, kisha vuta plastiki kutoka kona, ukiirudisha nyuma karibu na begi. Vinili nyingine zinavuliwa za moto, nyingine mpaka zipoe kabisa. Mwenye duka atakuambia, na usipouliza, poza. Kuvua ya moto inayotaka kupoa kunaing'oa. Kuchelewa kuvua ya moto kunakugharimu kupasi tena tu.

Ukingo wowote ukifuata plastiki, simama hapo hapo. Laza chini, pasi tena sekunde 10, poza, jaribu. Usimalizie kwa kuibembeleza na ukucha.

## Hatua ya 8: Popo na herufi

Wapange popo kwa macho kabla ya kupasi, usimame, urudi nyuma hatua mbili. Mkubwa aukate mwezi upande mmoja, bawa litoke nje. Popo akikaa katikati kabisa ya mwezi, kwa mbali anaonekana kitufe.

Funika kwa karatasi ya kuokea. Hapa ni lazima, kwa sababu mwezi uko wazi sasa na pasi ikiugusa itaondoka nao.

Kandamiza sekunde 15 kila sehemu, kwa egemeo lilelile. Kwa mashine, sekunde 12 hadi 15. Poza, vua.

Ukipenda vinili ya kumetameta, iwe ya mwisho daima, na isiwekewe kitu juu yake. Ngozi yake ina chenga, gundi ya kipande kinachofuata haipati pa kushika. Mimi nayo siipendi kwenye mabegi, inakunjika vibaya, ila watoto wanaitaka.

## Hatua ya 9: Pasi kwa ndani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha begi la mwezi mmoja na la miaka miwili. Toa kadibodi. Geuza begi nje-ndani. Weka karatasi ya kuokea kati ya mchoro na ubao, kisha kandamiza mgongoni mwa mchoro, sekunde 15 kila sehemu. Joto linapotoka nyuma, gundi inavutwa iingie ndani ya nyuzi.

Geuza tena, sogeza jicho karibu. Kazi iliyoiva inaonyesha mfumo wa kanvasi juu ya vinili: vimistari vya uzi, kama vile mchoro umepakwa rangi. Ambayo haijaiva ni laini, inang'aa, kama stika iliyobandikwa juu ya gari. Pitisha ukucha ukingoni. Ukikwama, rudia hatua hii, ukiteleza, umemaliza.

## Pasi ya mkaa na umeme unaokatika

Pasi ya mkaa inaweza. Uzito wake hata unasaidia. Shida ni kujua joto: ikandamize kwenye kitambaa cheupe cha pamba sekunde 10. Kikibadilika hudhurungi, ngoja ipoe. Puliza majivu ukiwa mbali na begi, na usiitumie kwa vinili ya kumetameta.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usivue plastiki kwa hasira. Acha begi kama lilivyo. Ukirudi, fukuza unyevu pembeni ya mchoro, endelea ulipoishia.

## Kufua na kurekebisha

Subiri saa 24 kabla begi halijaguswa na maji. Lifue nje-ndani, kwa maji baridi, bila dawa ya madoa na bila brashi. Usilikamue kwa kulinyonga. Ukilipasi, pasi mgongo wa mchoro, kamwe usipasi juu ya popo.

Ukingo ulionyanyuka baada ya wiki: fukuza unyevu, funika kwa karatasi, kandamiza sekunde 15, kisha geuza upasi kwa ndani. Usiongeze gundi ya dukani. Inakauka ngumu na kupasuka.

Popo aliyekaa kombo hatoki bila kuacha kivuli cha gundi. Kata popo mwingine mkubwa zaidi, umfunike. Yale mabegi yangu ya 0909 niliyatibu hivyo, kila neno nikalilaza popo mmoja mpana juu yake, na mteja aliyachukua yote kumi na mawili. Kabla ya kuyakabidhi niliweka kilo mbili za mchele ndani ya kila moja na kuyatundika msumarini usiku kucha, maana watoto watayazungusha nyumba kwa nyumba yamejaa peremende. Mikanda ya mawili ilifumuka. Nikayapeleka kwa fundi cherehani, akapiga msalaba wa uzi kila mwanzo wa mkanda, na sasa nawaambia wanunuzi wangu wote wafanye hivyo kabla ya kubandika chochote.